Tunamtafuta Sahla

12 Aprili

Idd imepita na Sahla hakupiga simu. Mwaka jana, Idd yake ya kwanza huko Dammam, Saudia, mdogo wangu alinipigia wanaume hawajatoka hata kwenda kuswali, akanichekesha mpaka vitumbua vikaungua. Mara hii nimeshinda na simu mfukoni mwa dera, nikinyonyesha nayo, nikikoga nimeiweka dirishani. Namba yake haipatikani. Ujumbe wake wa mwisho uliingia kabla ya Ramadhani: "Dada usinitumie sauti, wanasikiliza." Sijamwonyesha Mama.

Naandika hapa kwa kuwa nikimwambia Faki kila ninachokiogopa hatapata usingizi, na mume wangu ndiye mwenye kuendesha lori la chumvi kutoka Gongoni. Akisinzia barabarani nitakuwa nimewapoteza wawili.

14 Aprili

Mvua. Mwanangu Muzammil anakohoa, hataki kuwekwa chini.

17 Aprili

Faki alishuka Mombasa kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka Sahla. Amekuta mahali pale pauzwa vigae vya sakafuni. Mwenye duka hamjui wakala wala hataki kumjua. Simu ya wakala imezimwa.

Usiku tukila, Mama alimuuliza Faki alifuata nini Mombasa. Faki akasema spea ya lori. Mama akaendelea kumtolea mtoto miiba ya samaki. Anajua. Lakini Mama amewaambia watu wote wa Mambrui kwamba Sahla amekwenda kusoma dini na yuko kwa jamaa za marehemu Baba. Akikubali kwamba amepotea, itambidi akubali pia kwamba alikwenda kufua na kupiga deki kwenye nyumba ya watu.

20 Aprili

Nimevuka daraja la Sabaki kwenda Malindi na mtoto mgongoni. Kwenye afisi ya serikali nilikoelekezwa wameandika jina la Sahla, wakaniambia ningoje nitaitwa. Nikauliza nitaitwa na nani. Yule bwana akatazama saa.

Nikaenda kwa Ochola, yule Mjaluo mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na soko. Yeye ndiye aliyemjazia Sahla maombi ya pasipoti, kwa hiyo anamkumbuka. Alisema Sahla alimcheka kwa kuandika kwa vidole viwili. Nilipomweleza, aliacha kazi ya mteja na kuvuta kiti.

Ushauri wake ni tufungue tovuti. Nikamwambia picha nimekwisha kuzituma kwenye makundi ya simu ya wafanyakazi walioko kule. Akasema ya makundi huonekana leo, kesho yamefunikwa na video za harusi, lakini tovuti inakaa. Mtu wa huko, nesi au dereva au muuza duka, akisikia jina la Sahla ataliandika kwenye Google, na sisi tunataka akute ukurasa wetu juu kabisa, wenye picha na namba yangu.

Kisha akanionyesha kwamba kila anwani ya tovuti ina mkia wake, na lazima tuchague mmoja. Uko wa .com, uko wa .co.ke, iko mingine kama .xyz na .info. Ile ya ajabu ajabu akaikataa. Si kwamba Google inaichukia, alisema, ila mtu akiona mkia asioujua hudhani ni matapeli, hafungui. Yeye alipenda .co.ke. "Hiyo watu wanaona ni ya kwetu, ya Kenya, wanaiamini." Nikaona ni sawa. Nani asingependa kitu cha kwao?

21 Aprili

Nimemwambia Mama. Hakulia. Alisema picha ya mwanawe haitawekwa mahali wanaume waitazame kama wanavyotazama kanga dukani. Nikamjibu kwa adabu lakini sikurudi nyuma: bila sura hatutafuti mtu, tunapiga kelele tu. Tulibishana mpaka Muzammil akaamka. Mwisho akakubali ile picha ambayo Sahla amevaa buibui na mtandio, kwa sharti moja: watu wa hapa wasiione. Nikamwambia Mama, hii ni ya watu wa kule. Ndivyo nilivyoelewa mimi.

25 Aprili

Tovuti imefunguliwa: tunamtafutasahla.co.ke. Lakini ukiliandika jina lake kwenye Google haitokei. Ochola anasema Google haijapita huko bado, ameipelekea taarifa, tuwe na subira. Nimekuwa na subira tangu Ramadhani. Subira imenikondesha.

29 Aprili

Mvua tena. Mashamba ya chumvi yamefungwa mpaka jua lirudi, Faki yuko nyumbani, anarekebisha vitu visivyoharibika.

2 Mei

Imetokea. Faki aliandika "Sahla Abdulkadir" kwenye simu yake hapa nyumbani na ukurasa wetu ukaja wa kwanza. Tukajaribu kwa simu yangu, wa kwanza. Nikaibusu simu mbele ya Faki, naye hakunicheka.

Leo nimekula nikashiba.

6 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa nakoroga unga wa mkate wa kumimina, nina oda ya mtu. Bi Mwanatumu, jirani yetu wa mlango wa pili, aliingia bila hodi, buibui limelowa, akanikumbatia na kuanza kulia. Nyuma yake wanawake wengine, huyu ana sukari, huyu ana mchele kwenye mfuko. Mmoja akasema ni kazi ya Mungu, haina makosa. Niliuliza, "Ni Faki?" kwa sababu Faki alikuwa ametoka na pikipiki na njia zimejaa maji. Bi Mwanatumu akanishika uso. "Si Faki, mwanangu. Ni Sahla."

Na mimi nikaamini. Hili ndilo ninalotaka kuliandika. Kwa muda wa kumeza mate mara kadhaa niliamini kwamba wao wamepata habari ambayo mimi sikuipata, kwamba imepita nyumba zote na kuja kwetu mwisho. Nilimwona Sahla amelala chini mahali pasipo na mtu wa kumfumba macho. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Wakatandika mkeka wenyewe, wakakaa. Ndipo nikasikia habari zilivyokuja. Mtoto wa Bi Mwanatumu alikuwa akitafuta kitu cha Mambrui kwenye simu, ukurasa wetu ukamtokea wa kwanza. Picha ya Sahla, jina lake kamili, mzaliwa wa Mambrui, binti wa marehemu Abdulkadir, na namba ya simu ya jamaa. Hapa kwetu, mtu aliyeandikwa hivyo na picha yake juu ni maiti. Huwa hatusomi zaidi, tunaulizana anazikwa saa ngapi. Naye hakusoma chini palipoandikwa anatafutwa. Aliituma kwenye kundi la jamaa, na ilipofika msikitini watu wakaanza kuulizana kama mwili utaletwa.

Mama alitoka uani, mikono ina povu la sabuni.

"Nani kafa?"

Wanawake wakainamisha vichwa.

"Nauliza, nani kafa ndani ya nyumba yangu nami sina habari?"

Bi Mwanatumu akasema pole Bi Chiku, tumeiona picha. Mama akanitazama mimi, si yeye. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha akakaa kwenye mkeka, katikati yao, akajifuta mikono kwa kanga pole pole.

"Hajafa. Amepotea. Hatumsikii tangu kabla ya Ramadhani. Na hakwenda kusoma, alikwenda kufanya kazi za ndani. Nyote niliwaongopea, basi mnisamehe."

Nikangoja lile neno, lile jicho la kuangaliana, ambalo Mama amelikimbia mwaka mzima. Bi Mwanatumu akapenga kamasi.

"Sasa huu mchele tuupike, au turudi nao umelowa?"

Wakacheka, na Mama akacheka huku analia, nami nikaenda kuwasha moto. Hawakuondoka mpaka alasiri.

Kanze alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake muda wote huo. Ni mama wa Kigiriama anayetuletea mchicha na muhogo kutoka Sabaki. Alisema kwa sauti ndogo kwamba bintiye pia yuko Dammam, kazi hiyo hiyo, ila yeye matajiri zake, wale waliomwajiri, ni watu wema. Akampigia hapo hapo. Yule binti akaandika jina la Sahla kwenye simu yake huko huko. Tulimsikia akisoma: yuko Sahla Abdulkadir daktari wa meno, yuko muuza manukato, yuko mwingine wa magauni ya harusi. Akashuka, akashuka. "Wenu hayuko, mama. Kidole kimechoka."

Kwa hiyo Mambrui yote imemwona, na Dammam hajamwona mtu hata mmoja.

Wageni walipoondoka Mama aliniambia neno moja tu. "Uliniambia hawataiona." Nikamwambia nisamehe Mama. Akamchukua mtoto nilale kidogo.

7 Mei

Ochola alinisikiliza, akajishika kichwa. "Ni mimi, dada. Hii ni yangu."

Alinieleza upya, safari hii pole pole. Mkia wa .co.ke unaiambia Google kwamba tovuti hii ni ya watu walio Kenya. Kwa hiyo mtu wa hapa anaonyeshwa juu, na mtu wa Saudia anaonyeshwa kwanza za kwao, na jina la Sahla kwao ni la kila mtaa. Mkia wa .com hauna kwao. Nikamuuliza tukiweka .com ndiyo tutakuwa wa kwanza kule? Akakataa kunidanganya. Mkia peke yake haupandishi mtu, alisema, unaondoa tu kitu kilichosimama njiani. Kinachopandisha ni maneno ya ndani, tena kwa lugha wanayoitafutia wa kule, na tovuti nyingine zinazoelekeza watu kwetu. Na kuhama kuna hatari: ile nafasi tuliyoipata inaweza kupotea kwa muda, tukawa hatuonekani huku wala kule.

Nilimuuliza muda gani. Hajui. Nikafikiria Sahla amefungiwa mahali, na sisi tumejizima. Nikamwambia hama.

Mvua ilinyesha mpaka mtaro wa mbele ya saiba ukaingia ndani. Ochola alinyanyua waya huku akiandika.

9 Mei

Sabaki imejaa, maji mekundu yamepanda mpaka mashambani. Kanze amepoteza muhogo wote. Bado amekuja kuuliza habari za Sahla.

11 Mei

Mama alivaa buibui akatoka bila kuniaga. Nimekuja kujua kwamba alikwenda madrasa, akamwomba ustadhi aandike maneno ya Sahla kwa Kiarabu kizuri. Alisimama mbele ya walimu wote akasema binti yangu ni khadama, mtumishi wa ndani, huko Dammam na amepotea. Amerudi na karatasi, ameniwekea juu ya unga. Nami nilimkandia miguu.

Kuna mambo niliyodhani nayajua kuhusu Mama.

15 Mei

Anwani mpya inafanya kazi, ya zamani inamsukuma mtu kwenda kwenye mpya. Jamaa wa Bi Mwanatumu aliye katika chama cha watu wa pwani wanaoishi Uarabuni ameiweka kwenye tovuti yao. Kwenye Google hatumo. Popote.

16 Mei

Hatumo.

19 Mei

Hatumo. Nimemkaripia Muzammil bila sababu, mtoto asiyejua hata kutembea. Nikambeba nikazunguka naye ukumbini mpaka tukasameheana.

24 Mei

Binti wa Kanze amepiga. Tuko kwenye ukurasa wa pili kule. Juu yetu bado kuna daktari wa meno.

28 Mei

Ochola ananionyesha ramani ya walioifungua tovuti, nchi kwa nchi. Saudia ina rangi sasa. Nilifurahi mpaka Faki, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akauliza swali ambalo nilikuwa nimelificha hata humu.

"Tajiri wake akiiona?"

Faki akaendelea, akasema tumeandika kwa Kiarabu, tumeandika mji, tumeandika jina. Yeyote wa nyumba ile akiifungua atajua Sahla ana watu wanaomtafuta, na kosa hilo litalipwa na nani? Na Sahla atafichwa wapi ambako hatutampata tena?

Njia nzima tulibishana. Anataka iondolewe. Nilimwambia asiyeonekana hauliziwi, na mtu asiyeuliziwa hufanywa lolote. Nilikuwa na sauti kavu kama ninajua ninalosema. Sijui. Kila neno la Faki nilikuwa nimeshajiambia.

1 Juni

Tuko wa kwanza Dammam. Binti wa Kanze ametuma picha ya simu yake. Mama alimshukuru Mungu, mimi nikawaza nani mwingine kule anaiona.

4 Juni

Mtu wa Dammam ameifungua mara nyingi leo. Ochola anasema ni simu moja. Imefungua picha, ikarudi kwenye picha, ikasoma ile sehemu ya Kiarabu, ikarudi tena kwenye picha. Hakupiga, hakuandika. Mtu mwema angepiga.

Nilimshika mtoto nikakaa kizingitini. Nimejaribu kuiona sura ya huyo mwenye simu na naona kidole tu, kinakuza uso wa mdogo wangu.

5 Juni

Ile simu haijarudi. Faki hasemi "nilikwambia". Ingekuwa afadhali aseme.

Mama ameniuliza kama ninajuta. Nikamwambia ndiyo na hapana. Akasema, "Chagua moja, mwanangu, maana nami nakutazama wewe." Nikamwambia hapana.

8 Juni

Kimya. Mvua imepungua. Faki anasema wiki ijayo watarudi kwenye chumvi.

12 Juni

Simu ililia nikiwa nachuja tui. Namba ya nje. Niliipokea kwa kidole kilicholowa, ikakataa, ikakata. Nilidhani nitakufa. Ikalia tena.

Ni mwanamke, Kiswahili cha bara. Akajitambulisha: anaitwa Abigael, ni Mkenya, ni nesi kwenye hospitali moja Dammam. Alisema kwanza nikae chini. Nikamwambia sitakaa, sema.

Alisema wana msichana aliyeachwa getini siku chache zilizopita, na mkoba, bila pasipoti. Hakuwa akizungumza na mtu. Walimwita Abigael kwa sababu yeye ni Mwafrika, wakidhani ataelewana naye. Abigael akamsalimia Kiswahili tu, habari yako, na msichana akasema, "Mimi ni Sahla Abdulkadir wa Mambrui," kama mtu anayejibu polisi. Abigael akatoka nje akaandika jina hilo kwenye simu.

"Nyinyi ndio mlitokea wa kwanza. Nimeangalia picha, nikarudi nikamwangalia. Amekonda sana dada, lakini ni yeye."

Ndipo nikakaa. Alinieleza mengine kwa utulivu, kama wanavyojua wao. Mkono wa Sahla ulivunjika kabla ya Ramadhani, alianguka kwenye ngazi akisafisha vioo vya juu. Hakupelekwa popote, wakamfunga kitambaa, wakamnyang'anya simu. Mkono umeunga vibaya, itabidi uvunjwe tena utengenezwe. Kisha siku moja mke wa tajiri akaja jikoni na simu, akamwekea usoni, akamuuliza huyu si wewe? Walifoka nyumba nzima, wakamuuliza nani ameiweka, nani mwingine anajua, kama polisi wanajua. Sahla hakujua lolote la kujibu. Usiku ule alilala akingojea wamuue. Alfajiri walimtia garini, wakamteremsha getini mwa hospitali.

Kwa hiyo Faki alikuwa na haki ya kuogopa. Matajiri wake ndio walioiona tovuti kwanza. Waliogopa kuliko sisi.

Nikamuuliza Abigael kama naweza kumsikia. Nikasikia viatu sakafuni, mlango. Halafu pumzi. Naijua pumzi ya Sahla, tulilala kitanda kimoja miaka yote ya utoto.

"Dada."

Mama alikuwa amesimama juu yangu, akainama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mamangu," alisema Mama, kwani hivyo ndivyo anavyomwita Sahla, amebeba jina la mama yake.

Nilisogeza sikio. Sahla hakulalamika mkono. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto aliyevunja chombo. Aliuliza, "Mama, watu wanajua nilikuja kufanya kazi ya ndani?"

"Wajua wote," Mama akasema. "Msikitini wajua, madrasa wajua, mpaka Sabaki wajua. Walikuja kukulilia hai. Sasa rudi wakuone."

Sahla akalia, na laini ikakatika hapo.

17 Juni

Idd ya kuchinja. Abigael alipiga alfajiri, tukazungumza na Sahla kidogo. Watamfanyia mkono wiki hii. Ubalozi umechukua jina lake, hati ya kusafiria bado. Mwenye nyumba ile anasema pasipoti imepotea. Naogopa kila neno lenye "bado" ndani yake.

Ochola alikuja kula pilau na mkewe Easter na watoto. Mama alimwambia anakula kwa vidole viwili kama anavyoandika. Baadaye Ochola akaniuliza, kwa kuwa sasa Sahla amepatikana, aifunge tovuti?

Nimemwambia asiiguse. Ikae pale pale juu, na picha yake, na jina lake, mpaka mimi mwenyewe nimshike.